Mtengenezaji Hajulikani

Tarishi aliileta mvua ikinyesha,
akaiacha kwa jirani wa chini, Bibi Moira,
aliyepanda nayo ngazi tatu akihema
akasema ni nyepesi kama sahani.
Kweli nyepesi. Haina tundu la diski,
haina feni, haina pumu.
Ya zamani ipo mezani pake, inakoroma.
Niliinunua Lochee kwa Mpolandi aliyekuwa akirudi kwao,
pauni sitini, herufi N imeshafutika.
Miaka kumi na mmoja nimeandika "nyumbani"
kwa kupapasa.

Raya, binti yangu, kaunganisha waya.
"Faili zitahama, Baba. Programu hazihami.
Hizo unaziweka upya, moja moja."
Akaenda kulala, kesho ana mtihani wa kemia.
Nikabaki na mstari wa buluu unaotambaa.
Dakika saba zimebaki, unasema.
Kisha saa nne. Kisha dakika moja,
na dakika ile moja ikakaa
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Majina yakipita nayasoma:
risiti ya gesi, risiti ya gesi,
barua kwa halmashauri ya mwisho,
barua kwa halmashauri ya mwisho kabisa,
picha za daraja la Tay siku ya ukungu, yaani picha za ukungu,
sauti ya mama, sekunde kumi na tisa, akiniuliza kama namsikia.
Nikaenda kuchungulia vilikotoka.
Vyote vipo.
Kumbe mashine ikisema hamisha, inanakili:
kitu kinafika kule na huku hakijaondoka.
Mimi nilipanda ndege mzima mzima,
sikuacha nakala.

Mpya ikaniuliza lugha, ikaniuliza jina.
Saa haikuniuliza, iliijua yenyewe.
Ya zamani niliiachia saa ya Tanga tangu siku ya kwanza;
nikitaka ya Dundee natoa tatu,
majira ya joto natoa mbili,
na sikupata kukosea, hata siku ya homa.

Mwisho ikafika zamu ya daftari.
Chama chetu cha kuzikana, watu thelathini na wanane
kuanzia Perth hadi Arbroath,
pauni tano kwa mwezi, na atakayekufa anasafirishwa.
Programu yake aliiandika Kombo Faki wa Wete,
mchana akiosha mabasi, usiku akiandika:
kidirisha cha kijivu, vitufe vitatu,
na ukikifungua kinakusalimu,
*Karibu tena, mweka hazina. Dawa ya deni unaijua.*

Nikaibofya kwenye mpya.
Likatoka sanduku jekundu:
Programu hii imezuiwa. Mtengenezaji hajulikani.

Hajulikani!
Kombo, aliyetembea na kichupa cha pilipili mfukoni
kwa sababu hakuziamini chipsi za watu,
aliyemtukana mwamuzi kwa Kipemba
hadi Waskoti wa safu ya nyuma wakajifunza tusi moja,
ambaye nilimwosha kwa mikono hii, Februari,
maji ya bomba yakikataa kupata moto.
Programu yake ndiyo iliyompigia hesabu:
jeneza, ndege hadi Unguja, boti.
Ikaonyesha pungufu, pauni mia mbili na kumi.
Tukachanga. Ikaonyesha sifuri,
sifuri ya kijani;
rangi ile aliichagua mwenyewe.

Nilikaa.
Chini ya sanduku, kwa maandishi ya kujificha,
palikuwa na maneno: Endelea hata hivyo.

Kidirisha kikafunguka katikati ya kioo kipana,
kidogo, kama stempu juu ya bahasha tupu.
Karibu tena, mweka hazina.

Hapa ni saa nane ya usiku. Ya zamani inasema
ni kumi na moja, alfajiri, na inakoroma.
Raya kanionyesha pa kubofya ili niifute yote.
Kesho. Au wiki ijayo.
Kwanza niingize pauni tano zangu za Novemba.
Nikaitafuta N kwenye kibodi mpya:
ipo, nyeupe, imeandikwa waziwazi,
na kidole kikaikosa.